Shati Jeusi la Turffontein

Shati lenyewe lilikuwa zuri, hilo silikani. Nimefanya kazi ya udobi katikati ya Johannesburg miaka mingi, katika duka la kufulia lililobanwa kati ya muuza mablanketi ya jumla na kanisa la ghorofani, na nguo ya maana naitambua kwa kuishika tu. Lilikuwa jeusi, la pamba nzito, kola imesimama shingoni kama ya padri. Vifungo havikupita katikati ya kifua kama mashati ya watu wengine. Vilikwenda upande, vikapanda mpaka begani. Nililifua kwa mkono, sikuthubutu kulitia mashineni. Nikalipiga pasi, nikalifukiza udi, nikalikunja. Kisha nikampa mtu, na hapo ndipo nilipojitafutia balaa.

Nianze na nyumba. Nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwa ajuza mmoja wa Kiingereza kule Turffontein, nyumba ya bati jekundu, karibu na uwanja wa farasi, siku za mashindano kelele zinakufikia mpaka jikoni. Mtaa mzima ulimwita Gogo, yaani bibi, nami nikamwita hivyo hivyo, ingawa kwetu Tanga gogo ni kitu cha kukalia. Nilipomweleza alicheka, akasema kwa umri wake haoni tofauti. Ndivyo alivyokuwa. Aliletwa kutoka London akiwa mtoto, baada ya vita vikuu vya pili, akakulia hapa, akaolewa hapa, akazika mume na binti yake hapa. Aliyebaki naye duniani ni mjukuu mmoja wa kike, mtoto wa yule binti, aliyemlea mwenyewe.

Mjukuu ameolewa na kijana wa Soweto, Mzulu mpole, mrefu, anayeinama akipita mlango wa jikoni. Wana binti mdogo anayehoji watu kama polisi, na wakati huo mama mtu alikuwa mjamzito tena. Safari hii ni mwanamume, daktari alishawaambia. Jina nalo lilikuwa limepatikana: la baba yake Gogo, yule wa kwenye picha ya sebuleni, bwana wa kofia anayetazama pembeni. Mjukuu hakumkuta hai, lakini alijua habari zake. Alikuwa Uingereza wakati wa vita, alipigana na Wajerumani, akaja Johannesburg na kasha moja. Shujaa. Mjukuu aliponiambia habari za jina nilipiga kigelegele palepale uani, maana kwetu mtoto akibeba jina la babu, babu anakuwa hajaondoka. Gogo alikuwepo, akanyamaza. Nikasema moyoni, Wazungu hawa hata kufurahi hawajui.

Mpango ulikuwa kwamba mtoto akizaliwa Gogo ahamie kwao, asaidie kulea, na yeye mwenyewe asaidiwe, kwa kuwa magoti yalikwisha. Kwa hiyo tukaanza kupangua nyumba. Gereji ilikuwa imejaa vitu vya tangu enzi za malkia, na chini kabisa, kule nyuma, lilikuwa kasha la bati la baba yake. Gogo alilitazama, hakulisogelea.

“Ni nguo zake tu,” akasema. “Sijalifungua tangu afe. Ninyi kwenu mnafanyaje na nguo za marehemu?”

Nikamwambia kwetu nguo za maiti hazikai sandukuni zikaliwa na nondo. Zinafuliwa, zinafukizwa, zinatolewa sadaka kwa wanaozihitaji, na kila anayezivaa anamwombea aliyekufa.

“Basi fanya kama kwenu,” akasema. “Sitaki hata kuziona.”

Mtu kunipa ruhusa kama hiyo ni kumpa paka maziwa. Nilifua siku nzima, kamba ya uani ikaelemewa. Suti mbili, kofia, makoti, viatu vya ngozi vilivyokauka, na chini kabisa, lile shati. Upande wa kushoto wa kifua palikuwa na duara dogo jeusi zaidi ya kitambaa kilichobaki, kana kwamba kitu kilishonwa pale kikafumuliwa. Sikuuliza. Suti zikaenda kwa wazee wa msikitini. Shati nilijua mtu wake tangu mwanzo: rafiki yangu Mkongo wa Lubumbashi, anayekaa Berea kwenye fleti anayogawana na wenzake kwa mapazia. Kazi yake ni ulinzi kwenye duka la simu. Wiki nzima anavaa sare ya kampuni, kahawia, imepwaya, lakini Jumapili akitoka kwenda kanisani watu wanasimamisha magari. Mtu huyu anaweza kukosa chakula, hawezi kukosa soksi zinazolingana na tai. Nilipomkunjulia lile shati alilishika kwa ncha za vidole, akalitazama ndani na nje, akakaa kitandani.

“Dada,” akasema, “hii haiko shati. Hii iko heshima. Jumapili nitakuja kumushukuru ule mama.”

Nikamwambia karibu sana, nitapika pilau, na wajukuu watakuwepo. Nikarudi Turffontein moyo mweupe.

Siku ya pili yake, wakati wa chai, Gogo akaniuliza nguo zimekwendaje. Nikampa ripoti yote kwa majigambo, nikafika kwenye shati, nikamwonyesha kwa mkono jinsi vifungo vilivyopanda begani. Akaweka kikombe mezani.

“Mama yangu aliniambia alilichoma,” akasema.

Hapo ndipo akaanza kueleza, na ninyi nitawaeleza kama alivyonieleza, ila matusi yangu ya katikati nitayapunguza. Shati lile, alisema, lilikuwa sare ya mafashisti wa Kiingereza. Nikashangaa. Mimi najua mafashisti wa Italia na Ujerumani, wale wa shuleni. Nilidhani Waingereza ndio waliowapiga. Akasema waliwapiga, ndiyo, lakini kwanza walikuwa na wa kwao, wa kufugwa nyumbani.

Wa kwanza kabisa kuianzisha habari hiyo kule alikuwa mwanamke. Mtu wa ukoo wa wanajeshi, aliyewahi kuendesha gari la wagonjwa katika vita vya kwanza, na inasemekana wazo lilimjia akiwa anapalilia bustani yake. Aliogopa wafanyakazi watagoma na kuipindua nchi kama ilivyokuwa Urusi, akasikia Italia yuko bwana aliyewatuliza wa kwake kwa virungu, akaona dawa ndiyo hiyo. Nikamwambia Gogo ndiyo sababu mimi sipalilii. Akatabasamu kidogo, akaendelea.

Chama cha mama huyo hakikufika mbali. Aliyefika mbali ni mwanasiasa mmoja tajiri, wa ukoo wa vyeo, mwenye ulimi wa asali, aliyetoka chama hiki akaingia kile, akatoka huko akaunda chake, kikaanguka. Akaenda Italia kumtazama yule bwana, akarudi na mashati. Kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa hodari wa mchezo wa vitara, ule wa kushindana kwa panga nyembamba, shati likashonwa kwa mshono wa wacheza vitara. Vifungo begani. Kumbe maskini mimi nilikuwa nafukizia udi kitu hicho.

“Waliamini nini hasa?” nikauliza.

“Kwamba bunge ni baraza la wapiga porojo,” akasema. “Kila kazi iwe na baraza lake, waashi na waashi, wachimba makaa na wachimba makaa, lakini juu ya wote awepo kiongozi mmoja asiyeulizwa. Na Uingereza ijifungie na makoloni yake, inunue humo, iuze humo.”

“Makoloni ndiyo sisi?”

“Ndiyo ninyi. Ninyi mlikuwa mlime.”

Nikamkumbuka babu yangu na mkonge wake, mikono imechanika mpaka siku anakufa. Yeye alikuwa ameshaanza kulima bila kusubiri chama.

Na pale kitu kilipopungua, kazi, nyumba, mkate, mwizi alikuwa mmoja tu: Myahudi. Mgeni. Yule wa mtaa wa pili mwenye lafudhi. Baba yake Gogo alikuwa kijana fundi makabati wa mashariki ya London, hana kazi, hana shughuli. Shati lilimpa shughuli. Alisimama mlangoni mwa mikutano, na mtu akithubutu kumkatiza kiongozi, yeye na wenzake walimtoa. Kumtoa maana yake kumpiga mpaka barabarani. Kuna siku walikusudia kuandamana kupita mitaa ya Wayahudi wawatishe, na watu wa mitaa ile, Wayahudi, wapakuzi wa bandarini, akina mama madirishani na vyungu vya haja ndogo, wakaifunga njia mpaka maandamano yakageuzwa. Hapo kwenye vyungu nilipiga makofi, siwezi kusema uongo.

Lakini kicheko kilinikauka haraka. Muda si mrefu kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda zahanati na kichomi, nikakuta watu langoni wamevaa fulana za namna moja, wanadai kitambulisho, wanasema wageni tunawamalizia dawa na kuwalia kazi. Niligeuzwa na homa yangu. Nikawa nadhani maneno yale wameyatunga wao, kumbe ni mtumba. Yalishavaliwa London, yakafuliwa, yakaletwa. Nilikasirika. Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi nimefua mashati ya wenyeji wa mji huu mpaka viganja vimekuwa laini kama vya mtoto.

“Kwa hiyo vita ilipokuja akapigana na Wajerumani?” nikauliza, ingawa nilishaanza kuona njia inakoelekea.

“Serikali ilimfunga yeye na wenzake, ikiogopa watawafungulia Wajerumani mlango. Mimi nilizaliwa yuko gerezani. Alipotoka hakuna aliyemtaka mtaani, akasikia Johannesburg ni mji uliowapanga watu kila mtu mahali pake. Akapenda. Hakubadilika hata siku moja. Aliyasema maneno yale mpaka anakata roho, kwenye chumba cha uani.”

“Chumba kipi cha uani?” nikauliza, maana kipo kimoja.

“Chako.”

Nikanywa chai yangu.

Hakuwahi kumdanganya mjukuu, alisema. Mtoto aliuliza babu alikuwa wapi wakati wa vita, akamjibu alikuwa mbali na nyumbani. Mtoto akajitungia shujaa, na yeye akamwacha. Sasa ushujaa ule umekua, unataka kupewa mtoto ambaye baba yake ni Mzulu, mtoto ambaye mwenye jina angemtemea mate.

“Nikinyamaza, mtoto atalibeba jina lile maisha yake yote,” akasema. “Nikisema, mjukuu wangu ataondoka. Sina mwingine. Nenda kamwombe rafiki yako alirudishe kabla ya Jumapili.”

Haya. Mtoto wa Kiislamu wa Tanga anatumwa akaombe sadaka irudi. Niliwahi kufanya mambo ya aibu katika mji huu, lakini hilo lilinishinda kumeza. Nikaenda tu, kwa ajili yake. Nilimkuta Mkongo anapiga rangi viatu, nikamwaga yote, tangu bustani ya yule mama mpaka vyungu. Alicheka mpaka mtu wa upande wa pili wa pazia akagonga ukuta. Kisha akaacha kucheka.

“Dada, ulinipa ao uliniazima?”

“Nilikupa.”

“Basi. Ule mzee alikuwa hataki mi nifike hata kwa mulango yake. Leo mi niko ndani ya shati yake. Unataka niitoe, niende wapi?”

Nikamsihi walau asije nalo Jumapili, aje na suti yake ya samawati, asalimie, ale, aende. Akasema sharp, yaani sawa kwa lugha ya mji huu. Nami nikaondoka nimetulia, mjinga mimi.

Jumapili wakaja. Nilitandika meza uani chini ya kivuli cha ukuta, pilau ya nyama, kachumbari, na Gogo amepaka poda kama mtu anayekwenda mahakamani. Mjukuu alikuwa tumbo mbele, anang’aa. Binti yake aliniuliza kwa nini nina kitambaa kichwani, kwa nini mchele ni kahawia, kwa nini Gogo hali. Nikampa mfupa anyamaze.

Geti likalia. Mkongo huyo, suruali nyeupe, viatu vya rangi mbili, kofia mkononi, na lile shati limefungwa mpaka begani. Limemkaa kana kwamba alipimwa yeye. Nilimtazama kwa jicho la kumwua. Akanipita, akaenda mpaka kwa Gogo, akainama.

“Nimefikiri sana, mama,” akamwambia. “Mtu akikupa nguo, unamshukuru ukiwa umeivaa. Mama yangu alinifundisha hivyo. Asante.”

Mjukuu akanyanyuka. Mshono gani huu, akauliza, shati umelitoa wapi? Mkongo akanitazama, akamtazama Gogo, akasema kweli: ni la baba yake mama huyu. Basi mwanamke yule alifurahi kama amefufuliwa mtu. Akaushika mkono wa shati, akasema hajawahi kugusa kitu cha babu yake, akamwambia mumewe toa simu, tupige picha, shati la babu na tumbo la mwenye jina, tutakuja kumwonyesha akikua. Akasimama ubavuni mwa Mkongo, mkono tumboni. Mume akainua simu, akawaambia wasogee kidogo kwenye mwanga.

Hakuna aliyejua ila sisi watatu. Duara la kifuani, palipofumuliwa alama ya chama, hata halikuonekana kwa mbali. Picha ingepigwa, pilau ingeliwa, mtoto angezaliwa na jina, na Gogo angekwenda kukaa kwa watu wake. Nilitamani anyamaze. Nasema kweli, niliomba dua anyamaze.

“Usipige,” Gogo akasema.

Alisimama ameshika kiti, akawaambia. Hakuchukua muda mrefu kama alivyochukua na mimi. Shati ni la nini, baba yake alilivalia nini, alikuwa wapi wakati wa vita, alisema nini mpaka siku ya mwisho. Mume akashusha simu taratibu, akaitia mfukoni.

“Mimi angenikaribisha mezani?” akauliza.

“Asingekufungulia geti.”

Mjukuu alikuwa amesogea mbali na Mkongo, mkono bado uko tumboni.

“Na wewe?” akamwuliza Gogo. “Wewe ulijua siku zote?”

“Nilijua yote. Na nilimpenda. Ndiye aliyenifundisha kupanda baiskeli.”

Mjukuu hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alimchukua binti yake, akachukua mkoba, akatoka. Mume alimuaga Gogo kwa kichwa, akawafuata. Gari likaondoka.

Mkongo akaanza kufungua kifungo cha begani. Gogo akamzuia.

“Usilivue,” akasema. “Kaa. Kula.”

Akakaa, nami nikampakulia, akala mpaka sahani ikawa nyeupe.

Kisha zikapita wiki bila simu ya mjukuu. Gogo alikaa na simu mapajani kuanzia asubuhi, kama mtu anayeatamia. Mafurushi ya kuhama yakabaki sebuleni yamefungwa kamba. Nilijilaumu mimi, nikamlaumu Mkongo, nikamlaumu mwanasiasa na vitara vyake, na picha ya sebuleni nikaigeuza uso ukutani. Gogo akaigeuza tena, akasema aachwe atazame. Mwisho ukaja ujumbe, wa mume, si wa mjukuu. Mtoto amezaliwa salama. Amepewa jina la babu yake mume, mzee aliyekuwa mtunza bustani katika mitaa hii hii ya kusini, enzi zile Mwafrika asipoonyesha pasi, kibali cha kuwepo mitaa ya Wazungu, analala korokoroni.

Gogo aliusoma ujumbe mara nyingi. Jina lenyewe lilikuwa la Kizulu hasa, na ndani yake mna ile sauti ya ulimi kugonga kaakaa. Ajuza huyu ameishi Johannesburg karibu maisha yake yote, na hakuwahi kuhitaji kulitamka jina kama hilo. Watumishi wote aliwaita kwa majina ya Kizungu waliyopewa. Akaniita nimfundishe. Nimfundishe nini, mimi wa Tanga, ulimi wangu wenyewe unagonga ukuta. Tukajaribu jikoni, sisi wawili, tunabofya kama majiko ya gesi yasiyowaka. Alikuwa akikosea anafunga macho, anaanza upya. Hakucheka hata mara moja, nami nikaacha kucheka.

Walikuja mchana mmoja bila taarifa. Mjukuu alishuka akabaki ameegemea gari nje ya geti, miwani ya jua usoni. Hakuingia. Mumewe ndiye aliyeingia na mtoto, amemfunga blanketi, akakaa ubavuni mwa Gogo, akamlaza mapajani mwake. Gogo alimtazama mtoto muda mrefu, mikono imemkakamaa. Kisha akalitaja jina.

Alikosea. Mume akalitamka polepole. Gogo akarudia, akakosea tena, machozi yakaanza kumshuka kwenye poda.

Kule getini mjukuu akavua miwani.

“Tena, bibi,” akasema.

Gogo akalitaja tena.